Elimu ya Mwalimu Nyerere kabla ya siasa

Umeuliza kama ni kweli kwamba Mwalimu Julius Nyerere alichelewa kuanza shule na kwamba shahada yake aliipata Makerere. La kwanza ni kweli; la pili si sahihi.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya, mmoja wa wake wengi wa chifu huyo, akapewa jina la Kambarage. Utoto wake ulipita katika kuchunga mifugo, na alipopelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Hata hivyo aliwapita wenzake upesi, akachaguliwa kwenda Shule ya Serikali Tabora, ambako watoto wa machifu walikuwa wengi.

Makerere alisoma kuanzia 1943 hadi 1945 na kutoka na stashahada ya ualimu, kwa kuwa chuo hicho kilikuwa bado hakijaanza kutoa shahada. Akafundisha St. Mary's, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Shahada yake huitwa ya uzamili, jambo linalowachanganya wengi, lakini kwa desturi ya vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti hilo ndilo jina la shahada ya kwanza ya sanaa. Aliporudi alifundisha shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, na kazi hiyo aliiacha mwaka 1955, chama cha siasa cha TANU kikiwa tayari kimeundwa.