Bibi Afya Anajibu: Nimepelekwa fildi, nahesabu vyoo tu

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma afya ya jamii mwaka wa pili, chuo kiko hapa Dodoma mjini. Nimepangiwa fildi ya wiki nane kwenye zahanati moja wilayani Kongwa. Hii ni wiki ya tatu, na kazi yangu ni kuzunguka na karatasi nikihesabu vyoo na vibuyu chirizi, yale madumu ya kunawia mikono. Nikirudi najaza rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za zahanati. Bumu la mkopo limekata, posho hakuna. Wenzangu waliobaki mjini wanakaa ofisini wanachambua takwimu kwenye kompyuta. Nimwombe mwalimu anihamishe?
Mwanafunzi, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usihame.

Nami nilianzia vyooni, tena nimevaa raba nyeupe kwenye vumbi la Ugogo, ujinga mtupu. Kaya ya kwanza nikaona ukuta wa tofali na mlango wa bati, nikaweka tiki. Bibi mwenye nyumba akacheka, akausukuma mlango: ndani kuku ameatamia mayai. Choo kilijengwa mtendaji alipotishia faini. Familia ilikuwa ikienda korongoni kama kawaida. Tangu siku ile naangalia kwanza kama njia ya kwenda chooni imeota nyasi. Hao wenzako wa mjini wanajumlisha tiki kama ile yangu, na kuku hawamwoni.

Tena umepangiwa Kongwa! Watafiti wa vikope, ule ugonjwa wa macho uitwao trakoma, wametoka nchi za mbali miaka na miaka kuja huko. Darasani umekariri kwamba trakoma inaenezwa na nzi, mikono na vitambaa, na kwamba mtoto anawe uso. Mimi nilimhubiria hivyo mama mmoja wakati wa kiangazi. Akanionyesha ndoo yake, maji yaliyotoka mbali, akaniuliza: ninawishe watoto au nipike? Sikuwa na jibu. Nikaomba kikombe kimoja tu, tukanawisha watoto wanne, yakabaki ya kunyweshea kifaranga. Alikuwa akidhani kunawa uso ni ndoo nzima. Mada zangu zote za chuoni hazikuwa zimegusa jambo hilo.

Kwa hiyo kaya ya kesho usianze na karatasi. Sema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kaa kwenye kigoda ukipewa, uliza mvua na mifugo. Choo kitafuata chenyewe.

Rejesta nazo usizidharau. Fungua ya wagonjwa wa nje, rudi nyuma miezi mitatu, hesabu waliougua kuhara kitongoji kwa kitongoji, kisha weka pembeni karatasi yako ya vyoo. Kitongoji chenye vyoo vingi na kuhara kwingi kirudie kwa miguu. Ripoti yako iko hapo. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walipoanza kuvimba tumbo na macho kuwa ya njano, jibu lilipatikana baada ya wachunguzi kwenda majumbani na kuchukua mahindi ya watu yakapimwe: sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Waliougua walikuwa 68, wakafa 20.

Sisemi kila fildi ina maana. Kuna ofisi moja, jina sitalitaja, nilikochemshiwa akili kwa kuchemsha chai mwezi mzima. Ingekuwa hivyo ningekwambia ondoka. Ila wewe unaingia majumbani mwa watu, na huko ndiko nilikojifunzia kazi yangu.

Msimamizi mwombe vitu viwili tu: siku moja uende naye kliniki ya mkoba, ile inayofuata watu vijijini, na siku moja ukae kwenye mkutano wa kijiji. Kuhusu posho sina la kukudanganya, wengi hatukuipata. Ongea na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, mapema. Zahanati nyingine zina chumba kitupu kwenye nyumba ya watumishi, na kodi ikishuka hata nauli itapatikana. Na raba nyeupe usivae.