Kununua biti si kuimiliki

Kaka, unauliza kwa nini wimbo wako umewekewa dai la hakimiliki YouTube ilhali biti, yaani muziki wa ala unaoimbia juu yake, ulinunua kwa pesa yako. Isome leseni uliyopewa. Biti nyingi za mtandaoni huuzwa kama ruhusa ya kutumia tu, na wengine wanauziwa hiyohiyo. Mmoja wao akiingiza wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, mashine inasikia kinanda na besi zilezile, inakudaka wewe. Haijui nani alianza, wala haijali. Pinga dai, ueleze una leseni.

Biti zinazonitia wasiwasi zaidi ni za studio zetu za River Road, Nairobi: mnaelewana kwa mdomo, unatuma M-Pesa, kwisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuhamishiwa haki au kupewa leseni ya peke yako hakuna nguvu bila maandishi yenye saini ya mwenye haki. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha umelipa, basi. Ukurasa mmoja unatosha: jina la biti, tarehe, nani anamiliki nini, saini. Prodyuza akikataa kusaini, tafuta mwingine, wamejaa tele.