Nakula mara moja kwa siku, mbona sipungui?

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: watu wamejinyima mpaka wanaona vimulimuli, na mizani haisogei. Nimechagua nane. Wengine mtakuta majibu yenu mafupi, msinune. Na ninaposema kalori, ni zile zinazoandikwa mgongoni mwa pakiti, ambazo kitaalamu huitwa kilokalori.

Shikamoo mama. Nina miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160. Nakula mara moja tu, saa mbili usiku. Mchana ni chai na karanga za kuzugia. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo nne, sasa mwezi wa pili sijapungua hata robo. Mwili umegoma? – Mbagala

Marahaba, mwanangu. Haujagoma.

Zile kilo nne nyingi zilikuwa maji. Mwili una akiba yake ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Ukianza kujinyima, akiba inatumika, maji yanaishia chooni, mizani inashuka na wewe unashangilia. Mafuta ndiyo hayana haraka, maana kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama kalori 7,700.

Sasa tuikague hiyo "mara moja". Kwa umri na umbo lako, ukilala tu kutwa mwili unatumia kama kalori 1,490. Weka na kazi, kufua na kugombea daladala, zinafika kama 2,100. Sahani ya usiku ya mtu aliyeshinda na njaa naijua. Ugali wake hautoki kwenye unga chini ya gramu 200, nazo ni kalori 720. Samaki wa kukaanga, 250. Mboga iliyobeba vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, 360 za mafuta peke yake. Rudi mchana: vikombe vinne vya chai, kila kimoja sukari vijiko vitatu vidogo, ni karibu 190. Halafu karanga. Pakiti mbili za gramu 50 ni kama 580, kwa hiyo hapo hukuzuga njaa, ulikula mlo. Jumlisha: 2,100. Chakula cha siku nzima umekila, na njaa ya mchana kutwa umeipata bure.

Rudisha milo yako. Lenga kama 1,600: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu, chai ya kijiko kimoja, mchana maharage, wali kiasi na kachumbari ya kujaza sahani, usiku nusu ya ule ugali, mboga za majani kwa wingi, samaki wa kuchemsha au dagaa. Karanga konzi moja. Utapungua karibu nusu kilo kwa wiki, na baadaye polepole zaidi, kwa sababu mwili mdogo matumizi yake ni madogo.

Mama, programu ya simu imenipa kalori 1,570 kwa siku. Nina miaka 29, kilo 95, urefu sentimita 175. Nasikia baridi na huku ni Oktoba, nagombana na kila mtu, usiku natazama video za watu wanaopika. Nimerogwa? – Dodoma

Hujarogwa, baba. Una njaa. Na hiyo namba yako ina historia.

Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya waliojitolea wenyewe, waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao. Kwa miezi sita aliwalisha wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, viazi na mkate kwa sana, akawatembeza kama kilomita 35 kwa wiki. Alitaka kujua namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Vijana walipoteza kama robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapungua, wakawa wanatetemeka kwa baridi, wakali kama nyuki, hamu ya wanawake ikakata. Walilamba sahani, wakakusanya vitabu vya mapishi. Wewe leo huhitaji kununua kitabu, una video.

Ila tusitishane. Wale walianza wakiwa wembamba, wewe una akiba, kwa hiyo hali yako haitafika kule. Nadhani ulichagua "kilo moja kwa wiki". Mwili wako na kazi ya kawaida unatumia kama 2,670. Ili uchome kilo moja kwa wiki lazima ukate 1,100 kila siku, na ndipo inapotoka 1,570. Badilisha iwe nusu kilo. Kula kati ya 2,050 na 2,150, na hakikisha protini inakaribia gramu 100 au zaidi, ili unachopunguza kiwe mafuta na misuli ibaki. Yai moja lina gramu 6, sahani ya maharage kama 17, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Dagaa, baba, si mboga ya mwisho wa mwezi tu.

Nilipungua kilo 14 kwa miezi miwili kwa juisi ya limau na matango. Sasa nywele zinatoka kwenye chanuo kama manyoya ya kuku, na hedhi imeruka mara mbili. – Arusha

Mwili ukikosa chakula unafunga idara zisizo za lazima, na kwake nywele na uzazi ni za kusubiri. Nywele huanza kukatika miezi miwili mitatu baada ya njaa, ndiyo maana wengi hawaunganishi mambo haya mawili. Mara nyingi huota tena ukirudi kula, japo huchukua miezi. Juisi iache leo. Pima ujauzito na wingi wa damu, na ukisikia maumivu ya ghafla upande wa kulia chini ya mbavu uende hospitali: kupungua kwa kasi hiyo huleta vijiwe kwenye nyongo.

Niache ugali? Shoga yangu ameacha, anakula chapati za ngano isiyokobolewa. – Morogoro

Shoga yako ametoka kwa mama mdogo amehamia kwa mama mkubwa. Unga wa mahindi na wa ngano gramu kwa gramu kalori zake ni karibu sawa, kama 360 kwa kila gramu 100. Tofauti ni kwamba ugali unapikwa kwa maji na chapati inapakwa mafuta. Chapati ya kusukuma ya unga wa gramu 60 na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama 340, na hakuna anayekula moja.

Mchawi mkubwa wa majiko yetu ni chupa ya mafuta. Jumapili moja nilimwachia binti yangu apike, nikaipima chupa kwenye mizani kabla na baada, bila kumwambia. Sufuria ya mchicha ya watu wanne ilimeza gramu 92. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo kila mtu alipata zaidi ya 200 za mafuta, wakati mchicha wenyewe, mafungu matatu, wote haukufika 200. Nilipomwonyesha akasema, "Lakini mama, mbona wewe unamimina hivyohivyo?" Kweli. Siku hizi tunapima kwa kijiko, vijiko vitatu sufuria nzima, na nyanya ya kutosha. Hakuna aliyelalamika isipokuwa baba yao, naye analalamikia kila kitu.

Ugali kula, ila punguza kipande. Na ukitaka namba za vyakula vyetu, majedwali ya vyakula vya Tanzania yalitolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Ni msaada zaidi kuliko programu ya simu isiyojua kande ni nini.

Mzee wetu ana miaka 61, ana kisukari, anameza glibenklamidi. Amesikia kwamba ukikaa na njaa kisukari kinapona, sasa anakula jioni tu lakini dawa hajaacha. Jana alitoka jasho na kutetemeka. – Tanga

Hili halingoji gazeti lijalo. Mzee ale leo hii milo yake, na mumpeleke kliniki mkiwa na dawa zake mkononi. Glibenklamidi hushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu. Jasho lile na mtetemo ni sukari kushuka. Ikitokea tena mpeni maji yenye sukari vijiko vinne papo hapo, kisha chakula. Akishindwa kumeza msimmiminie kitu mdomoni, kimbieni hospitali.

Alichosikia kina mbegu ya ukweli. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kalori kati ya 825 na 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imetulia bila dawa. Lakini waliosimulia hadithi hii mtaani waliruka ukurasa: waliugua kwa muda usiozidi miaka sita, hakukuwa na anayechoma insulini, walifuatiliwa na wahudumu wa afya muda wote, na dawa zao za sukari ziliondolewa siku ya kwanza kabisa. Mzee amechukua njaa yao, akabaki na dawa zake. Kama anaitaka njia hiyo, aizungumze na daktari wake, asiianze jikoni.

Nina mtoto wa miezi mitatu, ananyonya tu. Nataka kurudi kwenye gauni langu la harusi ya dada mwezi wa kumi na mbili. – Moshi

Hongera kwa mtoto. Kutengeneza maziwa peke yake kunakula kama kalori 500 kwa siku, kwa hiyo tayari umo kwenye kazi. Usishuke chini ya 1,800. Mtori uendelee, ndizi na nyama si adui. Mwombe mama mkwe, kwa adabu zote, apunguze lile bonge la siagi. Gauni lina pindo, fundi atalifungua.

Mazoezi je? Kila Jumamosi tunakimbia kilomita tano na kikundi chetu, mwaka wa pili huu, kitambi kipo palepale. Nina kilo 78. – Kinondoni

Na baada ya kukimbia mnakwenda wapi? Nauliza kwa sababu nami nimewahi kuwa kwenye kikundi. Tunamaliza tunatafuta supu. Kilomita tano kwa kilo zako ni kama kalori 400, na chapati mbili za pembeni ya supu ni 680 kabla sijaitaja supu yenyewe.

Hata bila supu, mazoezi hayapunguzi kama tunavyodhani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya vipimo walivyowafanyia Wahadzabe, jirani zetu wa bonde la ziwa Eyasi wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Watafiti walitarajia wakute wanachoma kalori kuwazidi mbali watu wa mijini Ulaya na Marekani. Ukizingatia ukubwa wa miili, walikuta ni karibu sawa. Mwili una namna yake ya kubana matumizi mahali pengine. Kimbia kwa ajili ya moyo, sukari na usingizi, na uzito unapopungua mazoezi ndiyo hulinda misuli na kusaidia usirudi. Kitambi kishughulikie mezani. Supu kunywa, chapati moja, ndimu na pilipili kadiri upendavyo.

Nimepungua kilo 9 kwa miezi mitano kwa ushauri wako, nakula vizuri, nina nguvu. Tatizo ni watu. Kazini wananiuliza kama naumwa, mama analia kwenye simu. Niwajibuje? – Mwanza

Hongera, hiyo kasi ndiyo naipenda. Kwetu kunenepa ni habari njema na kukonda ni msiba unaonong'onwa, kwa hiyo mama usimjibu kwa kalori. Mpelekee picha ukiwa unakula, sahani ionekane. Mimi mama yangu hakutulia mpaka alipokuja, akanipikia, akaniona nimemaliza.

Ila swali lao lisitupwe lote. Wewe unajua kilo zako zimekwenda wapi, kwa sababu ulizipunguza mwenyewe na unaweza kuzihesabu. Siku uzito ukishuka na wewe unakula kama zamani, au ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, kiu na kukojoa kila saa, usiwaonyeshe picha ya sahani. Nenda kapime kifua kikuu, sukari na VVU, na uende na huyo mwenzako wa kazini aliyeuliza wa kwanza.