Maswali Yenu: Warumi na Watu Waliowateka

Swali: Ni kweli Warumi walimwaga chumvi Karthago ili pasiote kitu tena?

Si kweli. Waandishi wa kale hawaitaji chumvi hiyo popote. Hadithi ilizuka karne nyingi baadaye. Yaliyotokea mwaka 146 KK yanatisha hata usipoyatia chumvi. Mji uliteketezwa, na watu wapatao 50,000 waliojisalimisha wakauzwa utumwani. Eneo hilo, kaskazini mwa Tunisia ya leo, likafanywa jimbo lililoitwa Africa. Jina la kajimbo hako ndilo tunaloliitia bara zima leo.

Swali: Kama Warumi waliwaletea barabara na mabafu, mbona watu waliasi?

Kwanza, barabara zilijengwa ili askari wafike upesi. Pili, aliyetekwa alilipa kodi, na mkusanyaji hakujali mavuno yamekuwaje.

Chukua Waiceni wa mashariki mwa Uingereza. Mfalme wao Prasutagus alikuwa rafiki wa Roma. Katika wosia aliwarithisha binti zake wawili pamoja na Kaisari Nero, akidhani kwa hivyo nyumba yake itasalimika. Alipofariki, maofisa wa Kirumi walijitwalia kila kitu. Mjane wake Boudica alichapwa viboko, binti zake wakabakwa. Majirani zao nao walikuwa na lao moyoni: askari wastaafu waliopewa makazi Colchester walikuwa wamewafukuza mashambani mwao. Mwaka 60 au 61 BK Boudica akaongoza uasi uliochoma Colchester, London na St Albans, kisha akashindwa vitani. Sidhani kama kuna aliyekumbuka mabafu.

Swali: Mwafrika aliwahi kuwa kaisari?

Ndiyo: Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alitawala 193 hadi 211 BK, akafia York, Uingereza. Mwanawe Caracalla ndiye aliyewapa uraia karibu watu huru wote wa dola mwaka 212. Usishangilie mapema. Cassius Dio, mwanahistoria aliyeishi enzi hiyohiyo, anasema shabaha ilikuwa kuongeza walipa kodi.

Swali: Hakuna waliowagomea wakafanikiwa?

Wapo, na ninaowapenda zaidi ni Wakushi wa Sudan. Warumi walipoitwaa Misri mwaka 30 KK, walitaka kodi kutoka kusini pia. Wakushi wakaivamia Aswan na kubomoa sanamu za Kaisari Augusto. Jeshi la Roma liliwafuata na kuuharibu mji wa Napata, lakini malkia wao, Kandake mwenye jicho moja, hakukoma. Mwishowe alituma wajumbe kwa Augusto mwenyewe, naye akaifuta kodi. Mwaka 1910 wachimbaji walikikuta kichwa cha shaba cha Augusto huko Meroe, mji wa kifalme wa Wakushi, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila anayeingia amkanyage.