Maswali ya Wasomaji: Kununua Nyumba Katika Mji Mdogo wa Pembezoni

SWALI: Mimi na mume wangu tumepanga jijini kwa miaka mingi, na sasa tumepata nyumba ya kununua katika mji mdogo wa pembezoni. Tuliitembelea mara moja, Jumapili asubuhi, tukaipenda: mtaa umetulia, vyumba ni vikubwa na ua unawatosha watoto. Dalali anasema wapo wanunuzi wengine wawili, hivyo tulipe arubuni wiki hii. Mume wangu ataendelea na kazi jijini, na mama mkwe, ambaye haendeshi gari, atahamia kwetu. Je, tuharakishe?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Dada yangu, msiharakishe, na arubuni msiitoe kabla hamjaurudia mtaa huo angalau mara mbili, katika siku za kazi. Mlichokiona Jumapili asubuhi ni mtaa ukiwa umepumzika. Paa na mabomba hurekebishika, lakini umbali wa kazini na mwinuko wa kiwanja mtabaki navyo kwa miaka yote mtakayoishi hapo.

Mumeo aondoke kwenye mlango wa nyumba hiyo saa ileile atakayolazimika kuondoka kila siku, kwa usafiri atakaoutumia, afike kazini na kurudi jioni. Safari ikiwa dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, atakuwa barabarani saa 400 kila mwaka. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba watu wa zama na nchi mbalimbali huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku wakisafiri, na kwamba usafiri ukiwa wa kasi zaidi, muda uliookolewa hauwarudishi nyumbani mapema, bali miji hutanuka. Ndiyo maana barabara inayopitika vizuri leo huenda ikajaa kadiri wengine wanavyohamia huko kwa sababu zilezile zilizowavuta ninyi.

Suala la mama mkwe ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa katika barua nyingi za namna hii mzee hutajwa mwishoni. Mchukueni, mtembee naye kwa miguu kutoka getini hadi zahanati, dukani na kituo cha basi, mkitazama kama pana njia ya waenda kwa miguu, kivuli, mahali salama pa kuvukia na taa za usiku. Mwaka 1929, Clarence Perry, mpangaji miji wa Marekani, alipochora mtaa aliouona unafaa, aliweka shule katikati ya duara lenye nusukipenyo cha robo maili, yaani takriban mita 400, ili watoto waifikie kwa miguu. Kipimo hicho kinamfaa mzee pia. Mama anayelazimika kungoja mwenye gari arudi ndipo aende kununua dawa hupoteza uhuru aliokuwa nao, na mara nyingi hatawaambia kwamba anaumia.

Kuhusu nyumba yenyewe, ogopeni maji kuliko kitu kingine chochote. Niliwahi kuonyeshwa nyumba iliyopakwa rangi mpya, safi kabisa, lakini nilipovuta droo ya chini ya kabati la jikoni na kupapasa ubao wa nyuma, kidole kilitoka na tope kavu lililokuwa limeacha mstari ulionyooka, kimo cha goti kutoka sakafuni. Rangi haikufika huko. Basi fungueni kabati, tazameni nyuma ya milango, mwende siku ya mvua mkaone maji ya uani yanaelekea wapi, na muwaulize majirani wa upande wa chini, si wa upande wa juu.

Hao wanunuzi wawili huenda wapo, lakini haraka yao isiwe yenu. Mkiamua kutoa arubuni, iandikwe kwamba itarejeshwa endapo upekuzi katika masjala ya ardhi utaonyesha rehani, zuio la mahakama au jina lisilo la muuzaji, au endapo fundi wenu atakuta kasoro kubwa katika msingi.

SWALI: Mbele ya nyumba ninayoitaka kuna uwanja mpana wenye miti, na muuzaji amepandisha bei kwa ajili ya mandhari hiyo. Nitajuaje kwamba utabaki wazi?
Mstaafu

JIBU: Mzee, muuzaji hana uwezo wa kukuahidi ardhi isiyo yake. Nenda ofisi ya mipango miji, uombe kuuona mpango wa matumizi ya ardhi, uangalie kama eneo hilo limetengwa kwa makazi, biashara, barabara au maeneo ya wazi, na uulize mmiliki wake ni nani. Huko Letchworth, Uingereza, mji ulioanzishwa mwaka 1903, ukanda wa mashamba kuuzunguka mji ulikuwa sehemu ya ardhi iliyonunuliwa na kampuni iliyouanzisha, ndiyo maana ilikuwa na uwezo wa kuulinda. Ukikuta uwanja wako umetengwa kwa makazi, rudi kwa muuzaji mjadili bei kana kwamba ukuta wa ghorofa umekwisha simama mbele ya dirisha lako.