Kaka anataka vioo vyeusi kama vya Maskati, nyumba ipo Tanga: tuweke madirisha gani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nyumba yetu ipo Tanga, Raskazone, bahari unaiona ukikaa barazani. Alijenga marehemu baba mwishoni mwa miaka ya 70, madirisha ni yale ya luva, vile vipande vya vioo vya kulaza na kusimamisha, fremu za mbao, sasa mchwa wamekula mbao na vioo vingine vimeanguka tumeziba na maboksi. Kaka yetu yupo Maskati, Oman, ndo anatuma hela, anataka tung'oe yote tuweke aluminiamu ya kuslaidi na vioo vyeusi vile vya mtu wa nje kutoona ndani, anasema huko nyumba zote ndo zilivyo. Mama hataki kusikia, anasema tutamuua na joto. Mimi nipo katikati yao. Madirisha mengi ni futi 5 kwa 5 na nondo zipo katikati ya ukuta. Halafu ukumbini natamani vioo vya rangi rangi vya urembo kama vya nyumba za zamani. Tufanyeje, na tusipigwe na fundi?

JIBU: Salama dada yangu. Mama mpe shikamoo yangu na umwambie kwenye hili la joto fundi yupo upande wake, ila kwenye zile mbao asinitegemee, mbao mchwa akishaingia kwenye fremu hata upige dawa unampaka marehemu mafuta, ng'oeni tu.

Sasa tuanze na kaka maana ndo mwenye hela. Hajakosea alichokiona. Maskati kiangazi joto linapita digrii 40, nje ni tanuri, kwa hiyo nyumba inafungwa, kiyoyozi kinaunguruma mchana na usiku, na kazi ya dirisha kule ni kuingiza mwanga na kuzuia kila kitu kingine. Tanga ni kinyume chake kabisa. Joto letu haliko kali kiasi hicho ila lina unyevu, jasho halikauki mwilini, na dawa yake ni upepo upite kwenye ngozi, na upepo mnao wa bure hapo, kusi ikikata kaskazi inaingia, na mchana bahari inawapulizia. Sasa ukichukua dirisha lililotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya kufungwa ukaliweka kwenye nyumba ya kufunguliwa, umejinunulia bili ya umeme. Muulize kaka swali moja tu, hela ya luku ya viyoyozi vya vyumba vyote atatuma pia kila mwezi? Akisema ndiyo, basi weka anachotaka na mimi nanyamaza.

Hebu chukua dirisha lako la 5 kwa 5, hiyo ni futi za mraba 25. Luva ukizilaza zote karibu eneo lote linapitisha hewa, ndo maana baba aliziweka, wazee hawakuwa wajinga. La kuslaidi la mabawa mawili, bawa moja lazima likae nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hata ufungue vipi unapata nusu, futi 12 na kidogo, toa fremu, toa wavu wa mbu ambao nao unakaba upepo hasa ukishajaa vumbi, unabaki na nini hapo? Yaani mama yako hajasoma ujenzi lakini hesabu kaipiga sawasawa.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Vyumba vya kulala vinavyotazama bahari weka aluminiamu ya kufunguka kama mlango, mafundi tunaita kesimenti, mabawa mawili yanafunguka kwenda nje na dirisha lote linakuwa wazi. Kwenu inawezekana kirahisi kwa sababu nondo zipo katikati ya ukuta, fremu inakaa upande wa nje wa nondo, mkono unapita katikati ya nondo kushika kitasa, ila pima kwanza kama mkono wa mama unapita, sio wako. Wavu unakaa kwa ndani kwenye fremu yake nyepesi ya kufunguka, msije mkaupigilia misumari halafu kila jioni mnautoboa ili mfunge dirisha, nimeziona nyumba za hivyo. Na bahari hapo karibu upepo unapiga, kwa hiyo zile bawaba za kuteleza zinazolishika dirisha lisigonge ukuta ziwe za chuma kisichoshika kutu, za bei rahisi kwa chumvi ya hapo hazichelewi kukatika na bawa likadondoka uani, na uani ndo watoto wanachezea.

Sebuleni hapo mnyonge mnyongeni, ya kuslaidi inafaa kama dirisha ni pana na kuna jingine ukuta wa pili upepo upite toka huku utokee kule. Upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii, hata dirisha liwe kubwa kama geti. Hapo kaka naye anapata picha ya kuwaonyesha wenzake. Chagua yenye reli tatu, mbili za vioo na ya tatu ya wavu.

Jikoni na bafuni kama bajeti inabana rudisha luva lakini kwenye fremu ya aluminiamu. Watu wanazidharau siku hizi, zinaonekana za kizamani, na kweli zina ubaya wake, hazifungi vizuri kuzuia vumbi na mwizi anaweza kuchomoa kioo kimoja kimoja bila kelele, lakini nondo si mnazo. Mvuke wa jikoni hauna dirisha zuri kushinda hilo.

Tuje kwenye vioo vyeusi. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya, cha tinti ambacho rangi imo ndani ya kioo chenyewe, na kile cha wanwei ambacho kwa nje kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Hicho cha pili kinafanya kazi upande wenye mwanga mwingi, mchana nje kuna jua ndo wewe unamwona mtu yeye hakuoni, ila usiku ukiwasha taa ndani mambo yanageuka, wewe ndo huoni nje na walioko barabarani wanawaona mnavyokula. Kuna mteja wangu mmoja alikaa miezi anabadilisha nguo bila pazia akiamini kioo chake, mpaka jirani mmoja mama mtu mzima akamwita pembeni. Pazia mtanunua tu.

Kuhusu joto, kioo cha tinti kinapunguza mwanga na joto kiasi lakini chenyewe kinalinyonya, kiguse saa 9 alasiri utaona. Na kikipigwa jua nusu huku nusu iko kivulini kinaweza kupasuka chenyewe bila kurushiwa jiwe, upande umetanuka na upande bado. Jua linatakiwa kuzuiwa kabla halijafika kwenye kioo. Tanga mpo kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, jua la mchana mwezi wa 6 linakaa upande wa kaskazini, mwezi wa 12 linakaa kusini, na hilo linakuwa juu sana, kibaraza kidogo tu juu ya dirisha kinalimaliza. Linalotesa ni la magharibi kila jioni mwaka mzima, linaingia limelala na kibaraza hakilioni. Ukuta wa magharibi weka dirisha dogo, au panda mwarobaini pale nje, mwarobaini haukatiki umeme. Kama kaka hakubali kabisa mpe tinti nyepesi ya shaba upande huo mmoja, kwingine kioo cheupe, yaani kisicho na rangi.

Hapo baharini chumvi ndo adui, na aluminiamu yenyewe inahimili, kinachowaangusha ni vitu vidogo. Skrubu ya chuma cha kawaida ikikutana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi vinalana, unakuta tundu la skrubu limetoa unga mweupe na pembeni kutu inachuruzika ukutani kama machozi. Sema mapema skrubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, uone boksi kwa macho yako. Kisha mara moja moja mwagieni fremu maji baridi ya bomba mzisuuze, basi, hakuna dawa ya ajabu.

Unene nao uangalie. Fundi akikutajia bei ya chini sana kwa futi ya mraba usishangilie, muombe akate kipande cha profaili, ule mche wa aluminiamu wa kutengenezea fremu, mbele yako, kama unaweza kukiminya kwa vidole kikabonyea mrudishie. Kioo cha bawa la futi 2 na nusu kwa 5 mimi naweka milimita 5, na kioo hicho peke yake kina uzito wa kilo 14 na kitu, sasa kikae juu ya vigurudumu vya plastiki laini, hata mwaka hamalizi mama anaanza kulisukuma dirisha kwa bega. Vigurudumu viwe vyenye beringi.

Kwenye kupima ndo kuna kesi nyingi. Nyumba ya miaka ya 70 hakuna tundu la dirisha lililonyooka, usikubali fundi aliyesikia "futi 5 kwa 5" kwenye simu akaenda kukata. Aje na futikamba, apime upana juu, katikati na chini, apime urefu kushoto, katikati na kulia, achukue kipimo kidogo kuliko vyote halafu apunguze kama milimita 5 kila upande ya kuchezea, na apime kona kwa kona, zikitofautiana sana ukuta urekebishwe kwanza. Na apime baada ya mbao kung'olewa na plasta kukauka. Lile nafasi linalobaki linazibwa kwa silikoni ya nje, sio saruji. Saruji mbichi inaila aluminiamu na doa lake halitoki, hili nalijua kwa gharama yangu, nyumba yangu mwenyewe nilifunga fremu za rangi ya shaba kabla ya plasta ya nje kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuhamia, fundi plasta akazirushia, tukafuta kesho yake, mpaka leo fremu ya chumbani ina madoadoa kama ndizi iliyoiva na kila mgeni anauliza kama mimi kweli ni fundi aluminiamu.

Chini ya fremu ya kuslaidi lazima kuwe na vitundu vya kutolea maji kwa nje. Fundi mvivu havitoboi, au anavitoboa halafu anavipaka silikoni. Masika ikija na upepo maji yanajaa kwenye reli yanamwagikia ndani kwenye godoro.

Na kabla ya yote angalieni miguu ya zile nondo, pale zinapoingia kwenye zege. Kama plasta imepasuka na kuvimba ujue nondo imeoza ndani, kutu inavimba, na kufunga dirisha jipya juu ya hapo ni kazi bure. Mkizibadilisha, kila chumba cha kulala kiwe na grili yenye mlango mdogo wa kufungua kwa ndani, ufunguo utundikwe karibu ila mkono wa nje usiufikie, moto ukitokea mlangoni mtapita wapi?

Haya, urembo wako. Vioo vya rangi mimi navipenda, ila viweke juu, kile kipande cha juu ya mlango wa ukumbini au juu ya dirisha ambacho hakifunguki, nyekundu, kijani na njano, jua la asubuhi likipita sakafu inapakwa rangi. Chini sehemu ya kufunguka weka cheupe cha kawaida, maana kioo cha rangi kikivunjika kupata mwenzake wa rangi ileile ni kazi, basi nunua vipande viwili vya akiba siku hiyohiyo uviweke uvunguni. Bafuni weka kioo cha maua, mwanga unaingia na mtu haonekani waziwazi. Na kioo chochote kilicho chini karibu na sakafu au cha mlango kiwe cha tempa, yaani kilichopikwa kwa moto kiwe kigumu, kikivunjika kinakuwa punje punje hakikati mtu vibaya, ila kumbuka hicho kikishapikwa hakikatwi tena wala hakitobolewi, kipimo kikikosewa milimita chache ni hasara, kwa hiyo kwenye makubaliano andikeni hasara hiyo ni ya nani.

Kuhusu kupigwa, lipeni kwa awamu, na awamu ya mwisho shikilieni mpaka mtu asimame nje na mpira wa maji apige kila dirisha dakika tano huku wewe upo ndani na tochi unaangalia kona za chini. Fundi anayejiamini atashika mpira yeye mwenyewe.

Hukuniambia dirisha la chumba cha mama linatazama wapi. Kama ni magharibi niambie kabla hamjalipa chochote, nitumie na picha ya ukuta wote kwa nje ikionyesha paa limetokeza kiasi gani.