Simu haishiki ndani ya nyumba: kabla hujanunua busta

Pole ndugu yangu. Umesema ndani simu haishiki kabisa, ila ukitoka uani unapata mistari miwili. Basi busta itakufaa, maana yenyewe haitengenezi mtandao, inakuza tu ule uliopo nje. Kinachokuzuilia ni bati na zege.

Panda ngazi hadi usawa wa paa, fungua mipangilio ya simu kwenye hali ya laini, usome kipimo cha dBm, yaani nguvu ya mtandao. -90 ina nguvu kuliko -110. Jaribu kila pembe bila haraka, kisha antena ya nje ya busta ifunge palipo bora, ielekee mnara. Ya ndani ikae chini ya bati, mbali na ile ya nje kadiri waya unavyofika. Zikikaribiana, busta inavuma kama spika iliyosogezewa maiki, na majirani nao wanakosa mtandao. Hapa ndipo mafundi wengi wanapolipua kazi.

Ulizia masafa pia, yaani bendi ya mawimbi ambayo busta inakuza: busta ya 900 MHz pekee haikuzi 4G ya 1800. Hakikisha imethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania; za bei chee zisizo na jina achana nazo. Ila kwanza azima laini ya kampuni nyingine. Ikishika ndani, hela yako imepona.